Mbegu iliyohaririwa jeni: ongea na mnunuzi na jirani kabla hujapanda

Wakulima wenzangu, hii ishu ya mbegu zilizohaririwa jeni naona wengi wanaiuliza upande mmoja tu, inazaa kiasi gani, inavumilia ugonjwa gani, basi. Mimi nasema anza na nani atanunua hayo mazao, na jirani ataipokeaje.

Tuelewane kwanza. CRISPR, ile njia ya kuhariri jeni iliyowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Nobel ya kemia 2020, inakata DNA ya mmea pale panapolengwa ili jeni izimike au ibadilike, na mara nyingi hakuna jeni ya kiumbe kingine inayobaki ndani, hapo ndo inapotofautiana na GMO nyingi, yaani mimea iliyowekewa jeni za kiumbe kingine. Ila walaji wengi wanaziweka kapu moja, na hata nchi hazikubaliani. Argentina tangu 2015 inapima kila mmea kivyake kuona kama ni GMO, Mahakama ya Umoja wa Ulaya 2018 ikasema sheria za GMO zinazihusu hizi pia, na sheria zenyewe bado zinabadilika. Kwa hiyo kama unauza nje pata jibu la mnunuzi kwa maandishi kabla hujalipia mbegu. Na kama una cheti cha kilimo hai achana nayo, utakipoteza.

Sasa kuhusu watu, na hapa maafisa ugani nawaomba sana. Ukimwambia anayepinga kwamba hajasoma umeshampoteza. Msikilize, mara nyingi hata haulizii DNA, anauliza hii mbegu ni ya nani, naruhusiwa kuweka ya msimu ujao, kampuni ikipandisha bei nitakimbilia wapi, na hayo ni maswali ya haki kabisa! Mwingine ni imani yake, anaona kilichoumbwa kisiguswe, huyo usimbishie kwa grafu, mheshimu na umwachie nafasi ya kuchagua. Japani 2021 nyanya iliyohaririwa ili iwe na GABA nyingi (kemikali ya asili iliyomo kwenye nyanya) ilianza kwa kugawiwa miche bure kwa watu waliotaka wenyewe kupanda nyumbani, na ilipoingia sokoni iliwekwa lebo inayosema imehaririwa. Mimi naona hiyo ndo njia, mtu ajue anachokula.

Shambani angalia zao lenyewe. Nyanya na maharage hujichavusha zaidi, lakini chavua ya mahindi inasafiri na upepo, so kama jirani anahifadhi mbegu zake mwambie mapema, mpange tarehe tofauti za kupanda ili maua yasikutane, au muache nafasi ya kutosha kati ya mashamba. Mavuno yaweke peke yake, magunia yawe na alama, lebo na risiti usitupe. Na kabla ya kusaini chochote soma kipengele cha hatimiliki, kama kinakataza kuhifadhi mbegu na wewe kila msimu unategemea mbegu zako mwenyewe, usisaini.