Kuandaa Kanuni za Kazi kwa Wachoraji wa Tingatinga

Kabla ya kuandika kifungu chochote, waiteni wachoraji na wenye maduka, mwanzie pale wanapoumizana zaidi, yaani picha zinazochukuliwa kwa mali kauli, duka likilipa baada ya kuuza. Kanuni itamke kwamba kila picha inayotoka mkononi mwa mchoraji iandikiwe hati yenye jina lake, vipimo, bei, kamisheni na siku ya malipo, hata ikiwa ni tembo mdogo wa rangi ya mafuta juu ya hadibodi.

Kunakili ni suala gumu zaidi, kwa kuwa mtindo wa Tingatinga, uliouachwa na mwanzilishi wake Edward Saidi Tingatinga alipofariki mwaka 1972, ni wa wote, ilhali Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 hulinda mchoro wa mtu binafsi. Napendekeza kifungu cha kunakili kitengewe siku nzima ya majadiliano.