Somo: Ekwalaiza nyumbani, uitumie au uiache?

Wadau, habari zenu. Wengi tukinunua sabufa, siku hiyohiyo tunashika ekwalaiza (vijiti vya kupandisha au kushusha sauti nzito, za kati na nyembamba): vya besi na treble tunavipandisha juu, vya katikati tunavishusha. Muziki unanoga dakika kumi, kisha kichwa kinauma na mwimbaji amezama. Ekwalaiza naitumia na naipenda, ila iguse mwisho.

Hatua ya 1: Weka vijiti vyote kwenye 0 na uzime kitufe cha kuongeza besi. Piga wimbo unaoujua vizuri, wenye gitaa la besi linalotembea.

Hatua ya 2: Hamisha spika. Hapa msiwe na haraka. Sebule nyingi ni za tofali na vigae, besi inagonga ukuta na kurudi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo kuta zilizoachana mita 3.4 hukuza mlio wa karibu 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde, yaani besi nzito). Kona huzidisha. Sabufa yangu ilikaa kona ya nyuma ya mlango: noti moja ilivuma mpaka glasi za kabatini zikalia, inayofuata haisikiki. Niliivuta hatua moja tu kutoka kona, glasi zikanyamaza. Ekwalaiza sikuigusa.

Ukikosa pa kuiweka sabufa, iweke juu ya kochi unalokalia, kisha tambaa kandokando ya kuta ukisikiliza. Pale besi inaposikika imetulia, ndipo mahali pake.

Hatua ya 3: Piga kofi moja kwa viganja vyako. Likiitika, tandika zulia na utundike mapazia mazito. Mwangwi hautibiwi na ekwalaiza.

Hatua ya 4: Sasa shika vijiti, ukipunguza badala ya kuongeza. Sauti ikiwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa, shusha 125 au 250 Hz. Ikichoma masikio, shusha kati ya 2,000 na 4,000 Hz. Desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 2 au 3 zatosha. Ukiongeza 3, amplifaya inadaiwa nguvu mara mbili; ukiongeza 10, mara kumi.

MASWALI

Swali: Mkuu, ninapokaa besi haipo kabisa. Nipandishe 60 Hz?
Jibu: Hapana, mkuu. Hapo wimbi linalotoka kwenye spika linafutwa na linalorudi kutoka ukutani. Ukipandisha, yote mawili yanakua na pengo linabaki palepale. Sogeza kochi.

Swali: Twita (spika ndogo za sauti nyembamba) zimeungua mara mbili, fundi anasema spika ni feki. Kweli?
Jibu: Yawezekana, lakini vijiti umeviwekaje? Amplifaya ikizidiwa hukata vichwa vya mawimbi, na makali yanayozaliwa hapo huishia kwenye twita. Vishushe kwanza, ndipo ubadilishe twita.

Swali: Kaka, mama yangu ana umri mkubwa, taarifa ya habari anasikia sauti ila maneno hayashiki. Ekwalaiza itasaidia?
Jibu: Dada, hapo ndipo inapofaa hasa. Shusha 125 na 250 Hz kwa desibeli 4, pandisha 2,000 na 4,000 kwa 2 au 3. Herufi kama t, k na s zitatoka wazi. Kaa naye, mwulize kila unaposogeza kijiti, maana masikio yanayopimwa ni yake. Mpe shikamoo yangu.