Kuonyesha Seven Samurai uwanjani Dodoma bila watu kuondoka katikati

Filamu hii ya Kijapani ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1954, kuhusu wanakijiji wanaokodi samurai saba (wapiganaji wa upanga) wawalinde na majambazi, ina dakika 207. Ukiianza saa mbili unusu usiku utamaliza karibu na saa sita, viti vikiwa vitupu. Julai giza la Dodoma linaingia mapema, kwa hiyo anza saa moja na robo. Mapumziko yamo ndani ya filamu yenyewe, kama saa moja na dakika 45 tangu mwanzo: maandishi ya Kijapani na muziki mtupu. Projekta haijakwama. Acha watu wanywe kahawa dakika 15, na kabla ya saa tano mtakuwa mmemaliza. Kibali cha wenye filamu na cha Bodi ya Filamu kiwe mkononi kabla ya tangazo.

Picha ni ya zamani: kila mita 1 ya kwenda juu inataka upana wa mita 1.37. Kitambaa cha mita 2.4 kwa 3.3 kinatosha. Fundi atataka "kuijaza skrini"; mkatalie. Akiivuta, farasi wananenepa. Akiikuza, vichwa na ncha za mikuki vinakatwa. Upepo nao una yake: kamba ngumu huchana pindo, hivyo funga kingo kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vinyumbuke.

Kazi hasa ni ya mtafsiri. Aitazame filamu mara mbili kabla ya kushika maiki, maana majina saba yanachanganya. Kwenye malipo asiseme "chakula" tu. Wanakijiji hawana fedha. Wanawapa samurai wali, wenyewe wanakula nafaka duni ya jamii ya uwele. Kambei, kiongozi wa samurai (Takashi Shimura), anakubali kazi akiwa ameshika bakuli la wali mweupe. Watu waliokulia ugali wa uwele hawahitaji maelezo zaidi, ilimradi wasikie tofauti ya nafaka hizo mbili.

Bendera ya samurai nayo aieleze mara moja: duara sita ni samurai sita, pembetatu ni Kikuchiyo (Toshiro Mifune), asiye samurai kamili, na alama ya chini ni wakulima. Vivyo hivyo duara za majambazi 40 ambazo Kambei anazikata mmoja mmoja akifa. Baada ya hapo watazamaji watahesabu wenyewe, tena kwa sauti.

Kyuzo, samurai bingwa wa upanga, anapopambana, mtafsiri anyamaze kabisa. Ukimya ndio utamu wa pale. Vita vya mwisho ni mvua na matope kwa picha nyeusi na nyeupe, kwa hiyo taa yoyote ya barabarani inayomulika kitambaa izibwe mapema.

Taa za uwanja zisiwashwe makaburi manne yanapoonekana kilimani. Kambei bado ana neno huku wakulima wakipanda mpunga, na likimezwa na kelele za viti, mtafsiri amekesha bure.