Kulinganisha sheria za michezo ya zamani ya mahandaki: goblini mmoja, vitabu vinne

Mpwa wangu na wenzake wanne wanataka kuanza mchezo wa uhusika wa mezani, ule wa kushuka handakini na mwenge kutafuta hazina. Wote walishacheza matoleo mapya, na sasa wanautaka wa zamani. Alinijia na vitabu vinne kwenye simu akaniuliza, "Mjomba, hivi vyote si ni kitu kimoja tu?" Si kitu kimoja, na kuvisoma tu hakutakuonyesha tofauti. Nilimkalisha mezani tukavipima kwa dadu. Ninaandika hapa tulivyofanya, pamoja na kosa langu la zamani lililonila usiku mzima, ili wewe likupite mbali.

Maneno nitakayotumia: refa ni yule anayeendesha mchezo (ndivyo alivyoitwa tangu 1974, na mimi nalipenda jina hilo). Kinga ni namba inayoonyesha mtu ni mgumu kiasi gani kupigwa. Ari ni ujasiri wa adui. Uhai ni madhara anayoweza kuvumilia mtu kabla hajaanguka. Goblini ni kiumbe kidogo kibaya cha mahandakini, adui wa kawaida wa wanaoanza.

Hatua ya 1: Jua kila kitabu ni mtoto wa nani

Mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons, ulitoka 1974 huko Lake Geneva, Wisconsin, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Arneson alikuwa mtu wa huku kwetu Minnesota, na dunia yake ya Blackmoor ilichezwa hapahapa kabla hakijachapwa kitabu chochote. Baada ya hapo ukoo uligawanyika. Tawi moja ni AD&D, yaani Advanced Dungeons & Dragons, vitabu vinene vya 1977 hadi 1979. Tawi la pili ni sheria nyepesi za 1981 za Tom Moldvay na David Cook, vijitabu viwili vya kurasa 64 kila kimoja.

Leseni ya wazi ya mwaka 2000 ndiyo iliyowapa watu nafasi ya kuziandika upya sheria hizo. OSRIC (2006) ni mtoto wa AD&D. Swords & Wizardry (2008) inafuata vijitabu vya 1974. Old-School Essentials (2019) inafuata zile za 1981 kwa uaminifu mkubwa. Basic Fantasy (2007) ni chotara: mwili wake ni wa toleo la mchezo la mwaka 2000, roho ni ya 1981.

Pakua hivyo vinne, au vyovyote ulivyo navyo, kisha chapa kurasa za majedwali tu. Usilinganishe kwenye simu. Karatasi nne zikikaa mezani bega kwa bega, jicho linaiona tofauti ambayo kidole cha kuperuzi hakitaiona. Na usitumie programu ya kurusha dadu. Programu inafanya hesabu kimyakimya, wakati hapa hesabu ndiyo unayotaka kuiona.

Hatua ya 2: Tengeneza mpiganaji mmoja, alama zilezile kote

Usirushe dadu kupata alama, maana ukirusha utakuwa unalinganisha bahati. Sisi tuliandika: Nguvu 16, Akili 9, Hekima 10, Wepesi 13, Afya 14, Mvuto 11. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza, upanga, ngao, deraya ya minyororo.

Hapa utaanza kuona mambo. Katika Old-School Essentials na Basic Fantasy, Nguvu 16 inakupa +2 ya kupiga na +2 ya madhara. Katika OSRIC alama hiyohiyo haikupi kitu cha kupiga, na madhara ni +1 tu. Afya 14 inakuongezea uhai mmoja katika viwili vile, katika OSRIC hakuna kitu. Kwa hiyo mpiganaji wa OSRIC anarusha dadu ya pande 10 kwa uhai wake, na mwenzake wa Old-School Essentials anarusha ya pande nane na kuongeza moja. Vijana walisema papo hapo wa OSRIC ana nguvu zaidi kwa kuwa dadu yake ni kubwa. Piga wastani: wote wawili ni 5.5.

Swords & Wizardry ina matoleo kadhaa, na nyongeza za alama hazilingani toleo kwa toleo. Soma jedwali la nakala uliyo nayo wewe. Uzuri wake mkubwa ni kwamba rusho la kuokoka (dadu ya kuepa sumu, uchawi na hatari kama hizo) ni namba moja tu, wakati wenzake wana aina tano. Kwa refa mgeni hiyo ni nafuu kubwa.

Hatua ya 3: Linganisha kinga (usikimbie hapa)

Hii ndiyo hatua iliyoniponza, kwa hiyo vumilia urefu wake.

Katika sheria za zamani kinga inashuka: namba ikiwa ndogo, mtu ni mgumu zaidi. Deraya ya bamba pamoja na ngao ni 2. Katika vitabu vipya kinga inapanda: namba ikiwa kubwa ndiyo ngumu, na unatakiwa uifikie kwa dadu ya pande 20. Old-School Essentials na Swords & Wizardry wanakuandikia zote mbili, ile inayopanda ikiwa ndani ya mabano ya mraba. Basic Fantasy inatumia inayopanda. OSRIC imelelewa kwenye inayoshuka.

Miaka michache nyuma nilitaka kujua ni kitabu gani kinampendelea mpiganaji. Nilichukua magoblini wa Old-School Essentials, kinga [13], nikawapeleka kupigana na wapiganaji wa Basic Fantasy. Inapanda huku, inapanda kule, nikaona mambo ni sawa. Nilirusha dadu mpaka saa nane usiku, nikajaza kurasa sita za daftari, nikaandika kwa kalamu nyekundu kwamba Basic Fantasy inampendelea mpiganaji. Nilimwambia kila niliyecheza naye, na kundi moja liliacha kitabu chao kwa sababu ya maneno yangu. Ulikuwa uongo mtupu, na mpaka leo inaniuma kwamba niliwatoa watu kwenye kitabu walichokipenda.

Kosa lilikuwa hili. Vipimo viwili vinavyopanda havianzii mahali pamoja. Mtu asiye na deraya yoyote katika Old-School Essentials ni 10. Katika Basic Fantasy ni 11. Ngozi ni 12 huku na 13 kule. Minyororo 14 na 15. Bamba 16 na 17. Basic Fantasy inailipa hiyo moja kwa kumpa mpiganaji wa ngazi ya kwanza +1 ya kupiga, wakati mwenzake ana +0. Kwa hiyo goblini yuleyule, ambaye kwenye kipimo kinachoshuka ni 6, anaandikwa [13] kwenye Old-School Essentials na 14 kwenye Basic Fantasy. Mimi nilimleta na 13 yake mbele ya mtu mwenye +1. Kwa Nguvu 16, mpiganaji wangu alikuwa anampata kwa 10 kwenye dadu badala ya 11. Ni asilimia 55 badala ya 50. Kwa pigo moja huioni. Kwa mapigano thelathini inakuwa "ushahidi".

Kwa hiyo, kanuni za kubadilisha:

Kwenda Old-School Essentials au Swords & Wizardry: 19 kutoa kinga inayoshuka.

Kwenda Basic Fantasy: 20 kutoa kinga inayoshuka. Ukiwa na kisa kilichochapwa (handaki lililoandaliwa tayari kuchezwa) chenye namba kwenye mabano ya mraba, iongeze moja kabla hujamtumia adui huyo.

Wepesi: kwenye inayopanda nyongeza inajumlishwa, kwenye inayoshuka inatolewa. Mpiganaji wetu wa Old-School Essentials ana minyororo 5, ngao inamfanya 4, Wepesi 13 unamfanya 3. Kwenye mabano ni [16]. Ukipata 5, umejumlisha pale pa kutoa.

OSRIC ina mtego wake. Mtu mtupu ni 10 badala ya 9, ngozi ni 8 badala ya 7. Lakini minyororo ni 5 na bamba ni 3, sawasawa na 1981. Yaani tofauti iko kwenye deraya nyepesi tu, nzito zinakutana. Ukiongeza moja kwa kila mtu utaharibu, na ukiacha kila mtu alivyo, mwizi mwenye deraya ya ngozi atakuwa ameonewa. Kagua mmoja mmoja.

Sasa kipimo cha uhakika, ambacho laiti ningekuwa nacho usiku ule ningelala mapema. Kabla hujarusha chochote, jiulize: mpiganaji wa ngazi ya kwanza, asiye na nyongeza yoyote ya alama, anahitaji ngapi kwenye dadu kumpiga mtu asiye na deraya? Jibu ni 10 katika vitabu vyote vinne. Old-School Essentials: 19 kutoa 9. OSRIC: 20 kutoa 10. Basic Fantasy: 11 kutoa ile +1. Swords & Wizardry: kinga [10], nyongeza sifuri. Usipopata 10, simama, umekosea mahali.

Ukishapita hapo, tofauti zinazobaki ni za kweli, usizirekebishe. Goblini ana kinga 6 kwenye OSRIC pia, lakini mpiganaji wa OSRIC anahitaji 14 kumpata, na wa Old-School Essentials anahitaji 13. Weka na Nguvu 16: OSRIC inabaki 14, Old-School Essentials na Basic Fantasy zinashuka hadi 11. Asilimia 35 dhidi ya 50. (Nimeuacha utaalamu wa silaha wa OSRIC pembeni, ukiutumia, pengo linapungua.) Hiyo ndiyo tofauti ya vitabu hivi, wazi, bila kosa la mtu.

Hatua ya 4: Pigana

Ukumbi wa futi 10 kwa upana, wapiganaji watatu wa aina moja, magoblini sita. Cheza mara kumi kwa kila kitabu, andika raundi na walioanguka.

Hatua ya 5: Usisahau ari

Wengi wanaolinganisha wanaishia kwenye mapigo, na hapo ndipo wanapokosa utamu. Katika sheria za 1981 kila adui ana ari, kutoka 2 hadi 12. Anapokufa wa kwanza upande wao, na tena nusu yao wakiisha, refa anarusha dadu mbili za pande sita. Ikizidi ari, wanakimbia. Ya goblini ni 7, bila mfalme wao. Uwezekano wa kuzidi 7 ni 15 kati ya 36, yaani karibu asilimia 42.

Mpwa wangu alikuwa na mpiganaji wake mbele, uhai umebaki wawili, mwenge uko mkononi mwa mtu wa nyuma. Alirusha, ikatoka 12 kamili, pamoja na nyongeza goblini wa kwanza akaanguka. Akanyoosha mkono achukue dadu tena, nikamzuia. Nikarusha zangu mbili: tano na nne. Tisa. Magoblini watano waligeuka na kukimbilia gizani. Vijana walinyamaza, kisha mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa wanakwenda kuwaita wenzao?" Pale nilijua wameelewa michezo hii inataka nini.

Kama kitabu chako hakina namba za ari, azima za 1981. Zinaingia popote bila kuharibu kitu.

Hatua ya 6: Angalia pointi za uzoefu zinatoka wapi

Kwangu mimi hili linazidi kinga na dadu zote kwa uzito. Katika Old-School Essentials, sarafu moja ya dhahabu uliyoitoa handakini ni pointi moja ya uzoefu. Goblini mmoja aliyeuawa ni pointi 5. Mpiganaji anahitaji 2,000 kufika ngazi ya pili. Akitegemea upanga peke yake ni magoblini 400; akipata mgawo wa hazina moja nzuri, amefika. Wachezaji wakishalijua hilo, wanaanza kunyemelea, kuhonga, kupiga soga na adui, kutafuta mlango wa nyuma.

Basic Fantasy kwa kawaida haikupi pointi kwa dhahabu. Vita vinaongezeka hapohapo. Kitabu ni kizuri sana: ni bure, nakala zilizochapwa huuzwa kwa gharama ya uchapaji tu, na tangu toleo la nne la 2023 kiko chini ya leseni ya Creative Commons. Lakini mimi nikikiendesha, dhahabu inarudi kuwa pointi, na ninawaambia wachezaji tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 7: Mpe kitabu mtu mwingine atafute

Uliza maswali matatu: mwenge unawaka muda gani, mtu akifika uhai sifuri inakuwaje, adui wa kuzurura anakuja lini. Pima kwa saa. Old-School Essentials inashinda kila mara, kwa sababu kila jambo linaishia kwenye kurasa mbili zilizofunguka. OSRIC ina mengi ya kufaidi, hasa kwa kundi litakalocheza mwaka mzima na kupanda ngazi za juu, ila refa lazima akisome kitabu nyumbani kwanza.

Vijana walichagua Basic Fantasy, pamoja na ari na dhahabu yenye pointi. Walitaka kila mmoja awe na nakala yake ya karatasi, na hiyo ndiyo waliyoimudu wote watano. Visa wanavyocheza ni vya Old-School Essentials. Mpwa wangu ameandika kwa wino kwenye jalada la daftari lake la refa: KINGA YA MABANO, ONGEZA MOJA.