Namna ya kusoma jeraha hadi kufikia kilicholisababisha

Kabla hujaletewa mwili wa kuuchunguza, utaletewa hadithi: ameanguka, amegongwa, amepigwa. Iandike pembeni pamoja na jina la aliyeisimulia, kisha iache hapo mpaka hatua ya mwisho. Ukiitanguliza, macho yako yataona kile masikio yalichosikia.

Hatua ya 1: Picha kwanza, maji baadaye. Piga picha ya mbali, ya kati na ya karibu. Kwenye ile ya karibu, laza rula sawasawa na ngozi na kamera iwe wima juu ya jeraha. Ikiinama, duara litatoka kama yai. Rudia bila rula, asije mtu akauliza ilikuwa imefunika nini. Nguo zihifadhiwe, kwa kuwa tundu la shati lazima lipatane na tundu la ngozi. Baada ya hapo osha, na unyoe nywele zilizolizunguka jeraha.

Hatua ya 2: Lipe jeraha jina lake. Mchubuko ni ngozi ya juu iliyokwanguliwa. Vipande vyake hujikusanya upande ule msuguano ulikoelekea, kwa hiyo unakupa hata mwelekeo. Damu kuvilia ni mishipa iliyopasuka chini ya ngozi. Jeraha la kukatwa ni refu kuliko kina chake, na la kuchomwa ni kinyume chake.

Kazi kubwa ni kutenganisha kukatwa na kupasuka. Pale ngozi inapolala juu ya mfupa, kama kichwani, kwenye nyusi au kwenye muundi, kitu butu huweza kuipasua ngozi kwa mstari ulionyooka kama wa wembe. Panua kingo taratibu kwa vidole viwili, mulika, kisha tazama chini kabisa kwa lenzi. Ukiona nyuzi nyembamba zinavuka kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, hiyo ni mishipa na nyama ngumu zilizohimili pigo. Makali yangezikata zote. Angalia na nywele: kisu hukata, kitu butu huziacha au kuzisukumia ndani ya jeraha. Pembeni mwa mpasuko mara nyingi kuna mchubuko mwembamba. Kisu huacha kingo safi.

Nilipokuwa mgeni kazini niliwahi kuandika "amekatwa" kwa jeraha la kisogoni. Mahakamani wakili aliikuza picha yangu mwenyewe, na nyuzi zilikuwa pale, tatu, mtu yeyote angezihesabu. Tangu siku hiyo sikubali kulipa jeraha la kichwa jina kabla sijamaliza kunyoa.

Hatua ya 3: Tafuta umbo. Fimbo ya mviringo huacha mistari miwili myekundu iliyo sambamba, katikati pakiwa peupe. Pigo huikamua damu kutoka katikati, huku mishipa ya kandokando ikivutwa hadi ikakatika. Nyundo yaweza kubonyeza fuvu kwa duara la ukubwa wa uso wake.

Hatua ya 4: Majeraha yapo wapi, na ni mangapi? Aangukaye hutanguliza sehemu zilizochomoza: kipaji, pua, viganja, magoti. Anayejikinga huumia ukingo wa nje wa kigasha, au kiganjani akishika kisu. Mikato mingi ya juujuu iliyo sambamba, mahali mkono wa mwenye jeraha unapofika, huelekeza kwenye kujidhuru. Na ukifungua fuvu la aliyeangukia kisogo, usishangae kukuta ubongo umevilia damu zaidi mbele, upande wa pili kabisa.

Hatua ya 5: Pigo lipi lilitangulia? Kwa fuvu ipo kanuni ya Puppe, iliyopewa jina la daktari Mjerumani: ufa wa pigo la pili husimama unapokutana na ufa wa la kwanza. Ufuate kwa kidole.

Hatua ya 6: Rangi si kalenda. Umanjano kwenye damu iliyovilia huashiria kwamba zimepita angalau saa 18 hivi. Usipouona, usihitimishe chochote. Tena damu hutembea: pigo la kipaji laweza kuyafanya macho yote mawili meusi bila jicho kuguswa.

Hatua ya 7: Sasa ifungue hadithi. Ilinganishe na mwili, neno kwa neno. Tuseme msimulizi anadai mtu aliporomoka kwenye ngazi, nawe umekuta mgongoni jozi nne za mistari sambamba, zote zimelala upande mmoja, huku viwiko na magoti hayana hata mchubuko. Katika ripoti andika: "Majeraha haya yanalingana na mapigo yasiyopungua manne ya kitu butu, kirefu na chembamba. Hayalingani na kuporomoka kwenye ngazi kama ilivyoelezwa." Usiandike "fimbo" kama hujaletewa fimbo ukaipima upana, wala usimtaje aliyeishika.