SOMO: Mtandao umekata, waokoaji wasikilizane vipi?

Wakuu, tope liliposhuka Mlima Hanang na kufukia nyumba Katesh, 3 Desemba 2023, wengi tuliwaza majembe na katapila. Lakini anayechimba korongoni anatakiwa ajulishwe mara moja kama maji yanashuka tena. Msisubiri mnara wa simu utengenezwe.

1. Tafuta kilima kabla ya kutafuta fundi. Redio koli ya mkononi ya wati 5 hufika kilomita chache tu, na bondeni hupungua zaidi. Mpandishe mtu mmoja mahali panapoona pande zote, arudie kila ujumbe. Hiyo ni ripita ya mdomo (ripita ni mtambo unaopokea ujumbe wa redio na kuurusha tena). Ubaya wake, mtu huyo akichoka huanza kufupisha: "wawili, mmoja kavunjika mguu, hatembei" inafika zahanati kama "majeruhi wawili", na machela haiji. Aandike kwanza, ndipo asome.

2. Funga kituo shuleni au zahanati: redio ya gari, betri, na antena juu ya mlingoti. Antena ikivunjika, tengeneza ya waya: 71 gawanya kwa megahezi za chaneli yenu, unapata urefu wa waya kwa mita. Kwa 150 ni kama sentimita 47, na chini yake vipande vinne vya urefu huohuo vikiinama kama miguu ya kigoda. Usibonyeze kuongea kabla hujaunga antena, utaunguza redio.

3. Chaneli mbili zinatosha: ya uokoaji, na ya magari na mahitaji. Umbea wa dizeli usiingie ya kwanza.

MASWALI

– Mkuu, betri ya N100 (ampea-saa 100) itadumu muda gani?
Redio ya wati 50 hula kama ampea 10 ukiongea, na nusu ampea ukisikiliza. Ukiongea dakika 6 kila saa, na usiishushe chini ya nusu, unapata siku na usiku wake. Maneno mengi ndiyo yanayoua betri.

– Mimi nawasikia wote, wao hawanisikii. Redio mbovu?
Mara nyingi ni toni, yaani mlio wa utambulisho ambao redio hutuma pamoja na sauti, kama mnapitia mtambo wa ripita. Isipowekwa, ripita haikufungulii. Linganisha na redio ya mwenzako inayofanya kazi.

– Simu tuzitupe basi?
Hapana. Laini zikielemewa, SMS hupenya pale ambapo simu ya kupiga inagoma. Tuma fupi, kisha zima data.

– Kilimani kukianza radi?
Ashuke, mkuu. Mlingoti nao uteremshwe.