Chuo gani kwa Sayansi ya Kompyuta? Anza na mtaala, jina la chuo baadaye

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, yakitoka tu, simu yangu haipoi. Mtoto wa jirani hapa Tudor, Mombasa, mdogo wa rafiki kule Kisauni, wote na swali moja: "Kaka, niende chuo gani?" Mimi naandika programu za kampuni za kutoa mizigo bandarini, na kila mwaka napokea wanafunzi wa atachimenti, yaani wanaokuja kujifunza kazini. Nilipokuwa rika lao nilikimbilia jina kubwa bila kuusoma mtaala. Muhula wa tatu ndipo nikang'amua kwamba nasomea usimamizi wa ofisi kuliko kompyuta.

Hatua ya 1: Tofautisha kozi. Sayansi ya Kompyuta ni hesabu, algoridhimu (hatua za kutatua tatizo) na jinsi mashine inavyofanya kazi ndani. Teknolojia ya Habari huelemea mitandao, kuendesha mifumo na kuwahudumia watumiaji. Hakuna iliyo duni, lakini kama hesabu hukutoa jasho, heri ujue leo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya pointi zako. Digrii huanzia wastani wa C+. Klasta, yaani kundi la masomo ambayo kozi inayatazama, huhesabu masomo manne, na kwa kuwa A ni pointi 12, kilele ni 48. Ingia tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, uone waliochukuliwa miaka iliyopita waliishia pointi ngapi. Chaguo moja liwe la kutamani, mengine yawe unayoyafikia kweli.

Hatua ya 3: Omba orodha ya masomo ya miaka yote minne, ushike kalamu. Tia alama kwenye miundo ya data, hifadhidata, mifumo endeshi, mitandao na mradi wa mwaka wa mwisho. Kisha hesabu masomo ambayo mwanafunzi huandika programu kwa mkono wake. Yakiwa mawili matatu tu, weka kalamu chini utafute chuo kingine.

Hatua ya 4: Nenda mwenyewe. Hapa ndipo watu huzembea. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor hapa hapa, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, matatu moja tu. Usiende siku ya maonyesho, siku ambayo kila kitu kimepakwa rangi. Nenda Jumanne saa nne asubuhi.

Nilimsindikiza binti wa shangazi yangu kwenye chuo kimoja, jina nitalihifadhi. Maabara ilikuwa na mashine arobaini hivi. Tulizojaribu kuziwasha, zaidi ya nusu zilikataa, na nyingine zilifunikwa nailoni yenye vumbi la kuandikia kidole. Binti alishanuna. Tulipotoka tukamkuta kijana wa mwaka wa tatu chini ya mwembe, laptopu yake bawaba imefungwa kwa selotepu. Akatuonyesha programu aliyoiandika ya kuweka hesabu za tuktuk za mjomba wake. Ilikuwa na makosa, tena anayajua, akatueleza mstari kwa mstari kwa nini jumla ya siku hutoka kasoro ikipita saa sita usiku. Kumbe kuna mhadhiri mmoja huwakalisha kila Jumamosi wasomeane kazi zao.

Basi usiulize "chuo ni kizuri?" Utajibiwa ndiyo. Uliza: mara ya mwisho uliandika programu lini? Nani aliisahihisha? Atachimenti ulipata wapi, na ulipewa kazi au ulitumwa chai?

Hatua ya 5: Piga hesabu ya maisha, si karo pekee. Feri ya Likoni haimtozi mtembea kwa miguu, lakini foleni itakula saa yako ya kwanza darasani. Ukipata chuo cha mbali, Juja au Nairobi, weka kodi ya nyumba, chakula na nauli ya treni kutoka Miritini. Omba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, mapema. Pesa ikibana, mimi ningepanga chumba cha mbali ninunue laptopu ya mtumba yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8.

Hatua ya 6: Hakikisha chuo, na kozi yenyewe, vinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Dakika tano tu.

Binti wa shangazi alikiweka chuo cha mwembe chaguo la kwanza. Siku hizi hunipigia Jumamosi jioni, ana kosa lake kwenye skrini, na hataki nimwambie jibu.